Kwa nini vyuo vya Marekani vilifunga Taasisi za Confucius bila kuamriwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilianza kujifunza Kichina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Confucius, na sasa niko Marekani, jimbo la Ohio, kwa shahada ya uzamili. Nilipofika nikaulizia taasisi kama ile, nikaambiwa hapa ilishafungwa zamani "kwa sababu ya fedha za Pentagon". Sikuelewa. Kwani serikali ya Marekani inaweza kukiamuru chuo kikuu kifunge darasa la lugha? Ushahidi wa ujasusi ulipatikana? Na mimi niliyepita Confucius nyumbani, jambo hili linaweza kunigeukia siku nikiomba kazi ya utafiti? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo matatu. La kwanza ndilo lenye kazi, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Serikali haikukiamuru chuo chako kifunge chochote. Katika sheria ninazokueleza hapa, zote za serikali kuu, hakuna inayosema ni kosa chuo kikuu kuwa na Taasisi ya Confucius. Zinachosema ni kwamba ukiwa nayo, fedha fulani za serikali hupati. Chuo kiliachiwa uhuru wa kuchagua, na karibu vyuo vyote vikachagua upande mmoja. Mwaka 2019 taasisi hizi zilikuwa kama 100 katika vyuo vya Marekani. GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Kongresi, ilipotoa hesabu mpya mwaka 2023 ilikuta hazifiki tano.

Ukitaka kujua kwa nini uamuzi ulikuwa mwepesi namna hiyo, tazama fedha zilizokuwa mezani.

China ilianzisha taasisi hizi mwaka 2004, ya kwanza ikiwa Seoul, chini ya ofisi iliyojulikana kama Hanban, iliyofungamana na Wizara yake ya Elimu. Kwa Marekani zilianzia Chuo Kikuu cha Maryland. Kwa Afrika zilianzia Nairobi, mwaka 2005. Hiyo uliyosoma wewe pale Mlimani ilianza 2013, kwa ubia na Zhejiang Normal University ya China. Mikataba ilifanana karibu kila mahali. Hanban ilitoa fedha za kuanzia, ambazo kwa vyuo vya Marekani zilikuwa kati ya dola 100,000 na 200,000. Ilileta vitabu kama 3,000, ikalipa walimu kutoka China, na kila mwaka ikaongeza chochote. Chuo mwenyeji nacho kilitakiwa kuweka mchango unaolingana, lakini mara nyingi kiliweka vyumba, samani na mshahara wa mkurugenzi wa upande wake. Kwa idara ya lugha, ambayo kwa kawaida huomba hata fedha za wino wa printa, ofa kama hiyo haikuwa ya kukataa.

Februari 2019 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ilitoa jumla yake: tangu 2006 China ilikuwa imetoa zaidi ya dola milioni 158 kwa shule na vyuo vya Marekani kwa ajili ya taasisi hizi. Zinaonekana nyingi mpaka uziweke kando ya fedha za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka huohuo wa 2019 wizara hiyo iligharimia utafiti wa vyuo vikuu kwa zaidi ya dola bilioni 6. Fedha zote za Hanban za miaka 12, nchi nzima, zisingeendesha utafiti huo hata kwa nusu mwezi. Mkuu wa chuo akiwekewa karatasi mbili hizo mbele yake, hahitaji kikao kirefu.

Lakini sheria haikuanza na mabilioni hayo, na hapa ndipo wengi wanaosimulia habari hii huchanganya. Sheria zilizohusu Pentagon zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa nyembamba sana.

Ilisainiwa tarehe 13 Agosti 2018, ndani ya sheria ya kila mwaka ya kuidhinisha matumizi ya ulinzi, kifungu cha 1091. Ilisema fedha za Wizara ya Ulinzi zisitumike kwa mafunzo ya Kichina katika chuo chenye Taasisi ya Confucius, isipokuwa wizara iridhie kusamehe sharti hilo. Utafiti wa injini, wa dawa na wa kompyuta haukuguswa. Waliobanwa ni walimu wa lugha, hasa wale wa mpango uitwao Language Flagship. Mpango huu uko chini ya programu ya elimu ya usalama wa taifa iliyoanzishwa kwa sheria ya 1991, na kazi yake ni kuwafikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye kiwango cha juu kabisa katika lugha ambazo Washington inaziona muhimu kwa usalama wake: Kichina, Kiarabu, Kirusi, na, usishangae, Kiswahili. Flagship ya Kiswahili iliwekwa Indiana University, na wanafunzi wake wamekuwa wakija Arusha kukamilishia masomo. Kwa hiyo ukikutana na kijana wa Kimarekani anakuamkia "za asubuhi" kwa lafudhi safi, huenda mwalimu wake alilipwa na Pentagon.

Nikae kidogo na Indiana, kwa sababu inaonyesha sheria ile ilivyofanya kazi. Chuo hicho kilikuwa na Flagship ya Kichina kwenye kampasi ya Bloomington. Taasisi ya Confucius nayo ilikuwa Indianapolis, mji mwingine, mwendo wa kama saa moja kwa gari, kampasi nyingine na ofisi nyingine. Kwa mantiki ya kawaida ungesema hawa hawahusiani. Kwa sheria, chuo ni kimoja. Kama Confucius ingebaki Indianapolis, Bloomington ingepoteza ruzuku yake. Taasisi ikafungwa mwaka 2019.

Vyuo 13 viliomba kusamehewa sharti, na wizara ikavikatalia vyote. Mwaka huo wa 2019 taasisi zikafungwa moja baada ya nyingine: Minnesota, Oregon, Arizona State, Rhode Island, San Francisco State, Western Kentucky. Western Kentucky University ndiyo iliyoumia kwa namna ya kuonekana. Taasisi yake ilikuwa na jengo lake mwenyewe pale chuoni, na ilikuwa ikipeleka walimu wa Kichina kwenye shule za watoto za maeneo ya jirani. Watoto hao hawakuwa na habari ya Pentagon wala ya Beijing. Chuo kilitaka kubaki na Flagship, basi taasisi ikaenda, na mpango ule wa mashuleni ukatikisika nao.

Utaona kwamba hapa idara iliambiwa ifundishe Kichina kwa fedha za Pentagon au kwa fedha za Beijing, isichanganye. Nchi zote mbili zilikuwa zinalipia lugha ileile kwa sababu za kiserikali. Mimi sioni ajabu kwamba mwenye nyumba alikataa kugawana, ila naona ni vizuri tuseme waziwazi kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Sheria ya pili ndiyo iliyomaliza kazi. Ni kifungu cha 1062 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2021. Rais Trump alikuwa ameipinga sheria nzima kwa kura ya veto, kwa sababu zisizohusu China hata kidogo, zikiwemo kinga ya kisheria ya mitandao ya kijamii na majina ya kambi za jeshi. Kongresi ikaipitisha juu ya kichwa chake tarehe 1 Januari 2021. Safari hii sharti halikuishia kwenye lugha. Chuo chenye Taasisi ya Confucius kingekosa fedha zote za Wizara ya Ulinzi, isipokuwa msaada unaokwenda moja kwa moja kwa mwanafunzi. Vyuo vilipewa muda wa kujipanga, na sharti likaanza kubana mwaka wa fedha 2024, ambao kwa Marekani huanza Oktoba 2023.

Angalia na tafsiri iliyowekwa: Taasisi ya Confucius ni taasisi ya utamaduni inayopata fedha kutoka serikali ya China, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mwingine. Mwaka 2020 China ilikuwa imeibadilisha Hanban jina na kulihamishia jina la Confucius kwenye wakfu unaojieleza kuwa si wa serikali. Kwa tafsiri pana kama hiyo, kubadili kibao cha mlangoni hakusaidii. Mwaka 2022 sheria ya kukuza viwanda vya chipu na sayansi, CHIPS and Science Act, ikaweka sharti la namna hiyo kwenye fedha za National Science Foundation, mfadhili mkubwa wa sayansi ya msingi. Kuanzia hapo hata chuo kisicho na habari na jeshi kilikuwa na kitu cha kupoteza.

Alfred University, chuo kidogo katika mji mdogo wa magharibi mwa jimbo la New York, kilikuwa miongoni mwa vya mwisho. Sifa yake kubwa ni elimu ya kauri. Kauri inahimili joto kali, na chombo kinachoruka kwa zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti kinahitaji kitu cha kuhimili joto, kwa hiyo chuo kilipata ruzuku ya ulinzi ya dola milioni 13.5 kwa utafiti unaohusiana na silaha za aina hiyo. Na Taasisi ya Confucius kilikuwa nayo bado. Mwaka 2023 kamati maalumu ya Baraza la Wawakilishi kuhusu China, iliyoongozwa na Mike Gallagher, ikakiandikia barua ya kutaka maelezo. Mwaka huohuo taasisi ikafungwa.

Utauliza, kwani vyuo havikuweza kwenda mahakamani, nchi yenyewe ikisifika kwa uhuru wa maoni? Njia hiyo ilikuwa imeshazibwa. Huko nyuma vyuo kadhaa vya sheria vilikataa kuwapa maofisa wa jeshi nafasi sawa ya kusajili wanafunzi, vikipinga sera ya jeshi ya wakati huo dhidi ya mashoga. Kongresi ikasema anayewazuia atakosa fedha za serikali. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Machi 2006, katika Rumsfeld dhidi ya FAIR, majaji wanane walioshiriki kwenye hukumu wakaamua kwa kauli moja upande wa serikali: sharti lile ni halali, na chuo kisicholitaka kina ruhusa ya kuachana na fedha. Mwanasheria wa chuo akishaisoma hukumu hiyo hamshauri mkuu wake kupoteza karo za watu kwa kesi ya Confucius.

Sasa ujasusi. Januari 2023 jopo la National Academies, lililoombwa na Wizara ya Ulinzi yenyewe kupendekeza vigezo vya kusamehe sharti, lilisema halikufahamu ushahidi wowote usio wa siri unaoonyesha kwamba taasisi hizi katika vyuo vya Marekani ziliwahi kuhusika na ujasusi au wizi wa hakimiliki za utafiti. Likaongeza, kwa haki, kwamba kuchunguza jambo hilo haikuwa kazi yake wala halikuwa na nyenzo. Kwa hiyo mtu akikwambia "walikamatwa wakipeleleza", mwombe akuonyeshe.

Lakini usiruke kutoka hapo ukasema hapakuwa na tatizo. Lilikuwapo, na walioliona mapema ni wahadhiri, miaka mingi kabla wabunge hawajaligundua. Katiba ya taasisi hizi, kifungu cha 6, ilizitaka zitii sheria za nchi zilipo na pia zisikiuke sheria za China. Fikiria maana yake ndani ya chumba cha semina. Mwanafunzi akiuliza habari ya Tiananmen 1989, jeshi la China lilipowaua waandamanaji, au ya Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku China, mwalimu aliyetumwa na Hanban anasimama chini ya sheria ipi? McMaster University ya Canada ilifunga taasisi yake mwaka 2013 baada ya mwalimu mmoja kulalamika kwamba mkataba wake wa kazi ulimtaka asiwe mfuasi wa Falun Gong. Julai 2014, kwenye mkutano wa wataalamu wa masomo ya China huko Braga, Ureno, mkuu wa Hanban aliagiza kurasa zichanwe kutoka kwenye ratiba iliyokwisha kuchapwa, kwa sababu zilitaja wafadhili wa Taiwan. Watu walifika wakapewa vitabu vyenye kurasa pungufu. Mwezi mmoja kabla, chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, kilikuwa kimevitaka vyuo vijitoe au viandike mikataba upya. Septemba ya mwaka huo University of Chicago ikaacha, baada ya wahadhiri wake zaidi ya 100 kutia saini kupinga. Hapakuwa na sharti la Pentagon wakati huo.

GAO ilipoisoma mikataba 90 mwaka 2019 ilikuta karibu nusu ina maneno ya kuifanya kuwa siri. Kamati ya Seneti nayo ilikuta kama asilimia 70 ya vyuo vilivyopokea zaidi ya dola 250,000 kutoka Hanban havikuziripoti kwa Wizara ya Elimu, ingawa sheria ya kuripoti zawadi za kigeni iko tangu 1986. Hapo lawama si ya Beijing. Ni ya ofisi za uhasibu za Kimarekani ambazo hazikujaza fomu.

Basi msimamo wangu ni huu. Tatizo lilikuwa nani anaamua: nani anachagua mwalimu, nani anapanga mada ya mhadhara, mkataba unasomwa kwa sheria ya nchi gani. Sheria za Pentagon hazikuuliza hayo, ziliuliza fedha zimetoka wapi. Palikuwa na muswada ulioulizia hasa jambo lenyewe, wa Seneta John Kennedy wa Louisiana, uliopitishwa na Seneti Machi 2021. Ungeitaka kila taasisi ilinde uhuru wa kitaaluma kwa maandishi, isitumie sheria ya kigeni ndani ya chuo, na ikipe chuo mwenyeji mamlaka kamili juu ya ufundishaji, shughuli na ajira. Asiyetimiza angekosa fedha za Wizara ya Elimu, nje ya misaada ya wanafunzi. Haukuwahi kuwa sheria. Njia ya kufunga ilikuwa rahisi zaidi, na kisiasa ilipigiwa makofi zaidi.

Matokeo yake ni kwamba kibao kilishuka na mengi yakaendelea. Chama cha wasomi cha mrengo wa kihafidhina, National Association of Scholars, ambacho hakina huruma na Confucius, kilifuatilia taasisi 104 zilizofungwa au zilizokuwa zinafungwa kufikia 2022. Kilikuta vyuo 28 vimeweka programu inayofanana mahali pake, na 58 vimebaki na uhusiano wa karibu na chuo mbia cha China. Kama hofu ilikuwa ya kweli, haikutibiwa. Kama haikuwa ya kweli, watoto wa Kentucky walisumbuliwa bure.

Kwa upande mwingine usikubali hadithi kwamba masharti haya ndiyo yaliyoua Kichina Marekani. Kati ya 2016 na 2021 wanafunzi wa Kichina vyuoni walipungua kama asilimia 14, lakini wanafunzi wa lugha za kigeni kwa jumla walipungua asilimia 16.6. Ugonjwa ulikuwa wa lugha zote.

Nije kwako mwenyewe. Masharti niliyoyaeleza yanakifunga chuo chenye taasisi. Hayamfungi mtu aliyewahi kukaa darasani, wala hayafuti cheti chako cha HSK, ule mtihani wa China wa kupima kiwango cha Kichina. Ukiomba kazi ya utafiti unaolipwa na serikali utakutana na fomu zinazouliza vyeo ulivyonavyo nje, misaada ya utafiti unayopokea, na kama umo kwenye mpango wa serikali ya kigeni wa kuvuta wataalamu. Mipango inayokatazwa ni ile ya China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini yenye masharti kama kukabidhi matokeo ya utafiti, kuwaingiza wengine, au kuficha mkataba. Kozi ya lugha Mlimani haimo humo. Kama ulipata ufadhili ukaenda Zhejiang muhula mmoja, uandike kwenye wasifu wako kama ulivyo, mwaka na jina la mfadhili, usiupambe wala usiufiche. Mkemia Charles Lieber wa Harvard, aliyetiwa hatiani Desemba 2021, alihukumiwa kwa kusema uongo kuhusu mkataba wake na mpango wa China pamoja na kodi ya fedha alizopokea. Kushirikiana na Wachina hakukuwa shitaka.

Wenzako waliobaki Mlimani, ambako taasisi iko jirani na maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, nao huniuliza kama kesho watanyimwa ruzuku za Kimarekani. Wasome mkataba wa kila ruzuku, ukurasa wa masharti, kabla ya kusaini, kwa sababu sharti kama lipo limeandikwa humo. Na mkataba wa Confucius ukifika wakati wa kuhuishwa, waulize wanaosaini kama wanafunzi na wahadhiri wanaweza kuusoma.

Kuhusu Kichina chako: kilichofungwa chuoni kwako ni taasisi. Kozi za kawaida za Kichina huwa chini ya idara ya lugha, zina alama, na mwalimu huajiriwa na chuo chenyewe. Nenda idarani kabla ya muhula kuanza, uombe mtihani wa kupimwa kiwango, na upeleke cheti cha HSK wakuone umefika wapi. Wasipokuuliza, watakuingiza darasa la wanaoanza, na utalipia mwaka mzima kusoma unayoyajua.